Moshi wa Kuagana

Shuka likichafuliwa na masizi ya kiwanda, hulifua yule aliyesimamia tanuri siku hiyo, kwa mikono yake, mbele ya mwenye shuka. Kanuni hiyo haikupata kuandikwa popote, wala hapakuwa na mkazi wa nyumba za kiwanda cha vigae aliyehitaji kuisoma.

Bibi Hewa aliijua kabla hajajua kusoma. Marehemu baba yake alikuwa fundi mkuu wa tanuri, na mara nyingi binti alimkuta amechuchumaa katika ua wa watu, mikono imezama katika povu, huku kina mama wakimsimanga: "Sugua, fundi, hapo bado! Au mkeo hakukufundisha?" Naye alisugua. Enzi hizo dohani ndiyo iliyokuwa saa ya mtaa. Mafuta mazito yakiwashwa, moshi mweusi ulitangulia kutoka, na mwanamke wa kwanza kuuona alipaza sauti, "Moshi!" Wa pili akaipokea, na wa tatu, hata mtaa mzima ukawa mbioni, kila mtu akianua nguo zake na za jirani aliyekwenda sokoni.

Kisha zikaja sheria za hewa, chujio la moshi likafungwa kwenye dohani, na ilikuwa haki lifungwe, kwa maana vifua vya watoto vilikuwa vikikoroma usiku kucha. Bibi Hewa mwenyewe aliisomea kazi ya kulinda hewa, akarudi kuwa afisa wa hewa wa kiwanda, ndipo alipobandikwa jina hilo. Kila mwaka aliiandikia mamlaka taarifa ya kibali na kuitia sahihi. Hata hivyo, tangu dohani iache kuchafua, watu waliacha kuinua macho, na jirani akaacha kuanua nguo za jirani.

Sasa tanuri la zamani lilikuwa limezimwa moja kwa moja, na taarifa yake ya mwisho ilikuwa mezani. Alikuwa amejaza yote isipokuwa sehemu moja: eleza kila mara moshi ulipotoka bila kuchujwa. Sehemu hiyo ilikuwa tupu tangu asubuhi.

Mlango ukabishwa, akaingia fundi mkuu, yule aliyejifunza kazi kwa baba yake, kisha akamlea Bibi Hewa baba huyo alipofariki.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Bado unagombana na karatasi?"

"Nagombana na wewe."

Mzee akacheka, akavuta kiti. "Kwa vile vimoshi viwili vitatu?"

"Vimoshi? Baba Mdogo, ulifunika jua!"

"Haya, nilifunika. Lakini moshi ulipendeza, haukupendeza?"

Bibi Hewa aliinamia karatasi, kwa sababu moshi ulipendeza kweli. Siku ya kuliwasha tanuri kwa mara ya mwisho, mzee alifungua kwa makusudi mlango wa pembeni, ile njia ya dharura inayopitisha moshi kando ya chujio, ili dohani iage kama ilivyozoea kunena. Wajibu wa afisa ulikuwa kuamuru ufungwe papo hapo. Badala yake alisimama uwanjani, shingo nyuma, akiutazama moshi ukipanda, na kutoka mtaani ikasikika sauti ya ajuza mmoja: "Moshi!" Alijiona mtoto tena, akingoja sauti ya pili. Haikuja. Wapangaji wapya walitoka milangoni wakaduwaa tu, na mashuka ya mama mmoja mwenye kichanga yakabaki kambani hadi yakawa meusi. Alipozinduka kuamuru, yaliyoharibika yalikwisha kuharibika.

"Kesho wananiaga," mzee akasema taratibu. "Cheti cha utumishi usio na dosari. Msumari nimeshaugongelea ukutani. Ukiandika, kimeota mbawa."

"Nisipoandika, nitakuwa nimetia sahihi chini ya uongo. Na yule mtoto alikohoa, Baba Mdogo. Mama yake kaniambia."

Kicheko kikafutika usoni mwa mzee. "Alikohoa sana?"

"Siku ile tu. Sasa ni mzima."

Akazungusha kofia yake magotini. "Basi niandike mimi peke yangu. Sema hukuwepo."

"Nilikuwepo. Naandika kwamba fundi mkuu alifungua mlango, na afisa wa hewa aliuona moshi akachelewa kuuzuia."

"Ukaidi wa baba yako huo," mzee akasema, lakini ndiye aliyemsogezea kalamu.

Baadaye kiwanda kilitozwa faini, onyo kali likaingia katika faili la Bibi Hewa, na msumari wa mzee ukabaki mtupu. Hayo yalikuwa ya ofisini. Ya mtaani wawili hao waliyalipa jioni ile ile ya kuandika taarifa, kila mmoja na beseni lake, katika ua wa yule mama kijana mwenye kichanga, ambaye alikwisha kuyafua mashuka mara mbili na alikuwa akikusudia kuyachana yawe matambara.

"Jamani wazee, acheni, mnanitia aibu," akasihi.

"Waache, mwanangu," akasema yule ajuza wa "Moshi!", aliyekuja na kigoda chake asipitwe. "Hawakuonei huruma hao. Wanatumikia adhabu. Sugua, fundi, hapo bado! Ama mkeo naye hakukufundisha?"

Mzee akasugua. Bibi Hewa akashika ncha moja ya shuka na mama kijana akashika ya pili, wakalikamua hadi likalia. Ajuza akaliinua kwenye mwanga, akalipekua pindo kwa pindo, akaona doa la kijivu penye ukingo, akalirudisha besenini. Aliporidhika, giza lilikuwa linaingia.

"Haya, anikeni," akasema. "Mmemaliza."