Mapindo ya Mashoto

Mashoto alipopewa kazi ya kushona majoho ya kwaya, nilishinda siku nzima bila kuimba, na cherehani yangu haijui kwenda bila wimbo. Mume wangu, kinyozi wa mlango wa pili, alikuja na mkasi mkononi kuuliza kama kuna msiba. Nikamwambia upo. Miaka yote nimewashonea akina mama wa kanisa, nimewatengenezea viuno vilivyopotea, nimewafichia matumbo yaliyozidi. Sasa askofu anakuja, kwaya inavishwa majoho mapya, kazi anapewa jirani yangu wa ng'ambo ya korido!

"Mungu hana upendeleo," mume wangu akasema.

"Mungu hana. Mwenyekiti anao."

Mwenyekiti wa akina mama ndiye aliyegawa kazi. Huyo hasifu nguo mpaka aigeuze ndani nje, na pindo la Mashoto lilikuwa limemteka. Nikubali tu, lilikuwa pindo zuri. Mashoto hushona kwa mkono wa kushoto, ndipo alipopatia jina, na mishono yake hulalia upande ambao yetu sisi wengine hailalii. Ukishaizoea, unaitambua kama sauti ya mtu nyuma ya mlango.

Basi majoho yakashonwa, yakabaki mapindo tu, na Mashoto akamwagikiwa na maji ya moto kwenye mkono uleule. Nilipoambiwa, neno la kwanza kunijia moyoni lilikuwa "asante, Bwana." La pili halikuwa neno, ilikuwa aibu. Niliinama juu ya cherehani nikaomba msamaha papo hapo.

Maana nilijua kinachomngoja. Mashoto ni mjane. Kazi ile ikimponyoka, wateja wote wangemkimbia, kwani kwetu Mwenyekiti akikohoa, akina mama wote wanaumwa kifua. Angefunga chumba chake na kurudi na mapacha wake kwa shemeji zake, watu waliomnyang'anya mpaka vijiko mumewe alipozikwa.

Kabla ya mchana Mwenyekiti akawa mlangoni kwangu.

"Fundi, nasikia jirani yako ameungua, na askofu ndiye huyo anakuja. Kama hawezi, niambie sasa hivi. Utamalizia wewe, na kazi zote zijazo za kanisa zitakuwa zako."

Neno moja tu lilitosha, na lilikuwa limeshakaa kwenye ncha ya ulimi. Lakini nilikuwa nimeomba msamaha asubuhi ileile. Haikupendeza kumrudia Mungu na dhambi ya namna moja kabla hata ya chakula cha mchana.

"Majoho yatakuwa tayari, mama," nikasema. Kwa mkono wa nani, hakuniuliza.

Alipoondoka nikachukua kastabini yangu ya kukinga kidole, nikavuka korido. Mashoto alikuwa amekaa katikati ya majoho, mkono umefungwa bendeji, ameng'ata kitambaa kwa meno huku akihangaika na sindano kwa mkono wa kulia. Aliponiona akakiachia.

"Umekuja kuyachukua, dada?"

"Nimekuja kuyashona. Sogea."

Pindo la kwanza nililimaliza upesi, nikampa kwa majivuno. Akaligeuza, akapitisha kidole juu ya mishono.

"Sema."

"Zuri sana, dada. Ila ni lako. Mwenyekiti amevaa nguo zako miaka yote, atalijua hata akiwa anasinzia."

Kweli, mishono ilikuwa imelala upande wangu. Hapo ndipo nilipotaka kurudi kwangu. Kusaidia nilikuwa tayari. Kujifuta mpaka isibaki hata alama ya mkono wangu, hilo sikuwa nimemwahidi mtu. Nikakasirika, kwanza na Mashoto, kisha na maji ya moto, mwisho na Bwana Yesu mwenyewe, aliyeosha miguu ya watu bila kutarizi jina lake kwenye taulo. Nilipomaliza kukasirika, nikafumua pindo lote. Nikahamishia sindano mkono wa kushoto.

"Haya, nifundishe."

Fundi mzima nikarudi darasa la kwanza. Uzi ulinizonga, mishono ikalewa, nikafumua tena na tena.

"Polepole, dada. Unashona nguo au unamchoma adui?"

"Bado sijaamua."

Akacheka kwa mara ya kwanza tangu aungue. Tangu hapo kila mchana nilivuka korido, tukavuta pazia, yeye akaelekeza na mimi nikashona, mpaka mishono ikakubali kulala upande wake. Mume wangu alipogundua, akajishika kichwa: "Mke wangu alikuwa anagomba kwa mkono mmoja, sasa nimekwisha!"

Siku ya askofu kwaya iliingia imependeza mpaka wazee wakasahau kusinzia. Baada ya ibada, pale nje, Mwenyekiti akamshika mwanakwaya mmoja na kuligeuza joho mbele ya akina mama wote.

"Tazameni pindo hili! Na mkono umeungua!" Kisha akanigeukia mimi. "Fundi, umeona? Siku moja nawe ujifunze kwa mwenzako."

Mashoto, ambaye hawezi kumeza sifa isiyo yake, alikuwa ameshafungua kinywa. Nikamkanyaga mguu.

"Nitajifunza, mama," nikasema. Iliniuma. Anayesema mambo haya hayaumi, huyo hajawahi kuyafanya.

Mwenyekiti akatangaza kwamba tangu siku ile nguo zote za kanisa zitashonwa na Mashoto. Mashoto akalia hadharani, mapacha wakimng'ang'ania sketi, wakiuliza kama sasa hawatahama tena. Akawaambia hawahami. Watu wakapiga makofi. Vidole vyangu vilikuwa vimejaa matundu ya sindano, kila kofi lilipenya mpaka mfupani, na mimi nikapiga kuliko wote.