Neno la Chuma

Mama mkwe wangu hajui kusoma, lakini kuna neno moja analijua kwa sura, kama mtu anavyomjua mwizi wake. Asubuhi ile alipita karakana na ndoo ya maji, akaziona herufi za chuma nilizokwisha kuchomelea kwenye fremu. Ndoo ikamponyoka.

"Mkwe wangu, hilo neno umepewa na nani?"

"Lipi, mama?"

"Usinifanye mtoto. Hilo."

Neno lilikuwa HIFADHI.

Karakana yangu na vyumba vyetu vimeegemea ukuta wa nyuma wa ukumbi wa zamani wa dansi. Baba alikuwa mlinzi wake enzi hizo bendi zikipiga mpaka sakafu ya mbao inatoa vumbi, nasi tukaganda pale kama kupe. Bendi zile zimekufa, ukumbi haujafa. Kikundi cha tarumbeta kinafanyia mazoezi humo, mtaa mzima unaazima viti vyake msiba ukitokea, na mabinti zangu wamejifunza kuimba juu ya jukwaa lile.

Wiki ile alikuja afisa wa mambo ya kale, mwanamke mpole mwenye miwani. Alipima jukwaa kwa utepe, akapima madirisha, akaendelea kupima mpaka kizingiti cha mlango wangu. Kisha akaniagiza bango. Nilimwuliza, "Na sisi tunaokaa hapa?" Akasema, "Mtaelekezwa."

"Na huyo afisa, bango analifuata lini?" mama mkwe akauliza.

"Leo alasiri."

"Atalibeba na nini?"

"Anakuja na lori."

"Ahaa," akasema, akaiacha ndoo pale pale ilipoangukia.

Kisa chake nakijua, mke wangu amekua nacho. Walikuwa na shamba kando ya msitu. Kwanza lilisimikwa bango, kisha likaja lori. Nyumba ilivunjwa chungu kikiwa bado jikoni. Msitu ukawa hifadhi: nyani wakabaki, watu wakatolewa.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mimi sijawahi kuumwa, lakini nilishtuka pamoja naye, maana "mtaelekezwa" ni neno ambalo halijawahi kumwelekeza mtu mahali pazuri.

Kufika adhuhuri uwanja wote ulikuwa na habari. Mapafu, kiongozi wa kikundi cha tarumbeta, alikuja na mtaimbo begani.

"Wanachotaka ni jengo," akasema. "Lisipokuwepo watahifadhi nini, hewa?"

"Wewe ndiye unayepigia humo kila Jumamosi."

"Nitapigia juani. Nyumba yangu iko pua na mdomo na hapa, na ule utepe niliuona ulivyo mrefu." Akanisogelea. "Fundi, wewe una moto. Kata zile kenchi za chuma zinazobeba paa, lishuke lenyewe. Akija akute kifusi. Tutasema uzee."

Kawaida Mapafu akikusalimia tu watu wanacheka. Siku ile hakucheka mtu.

Ningekataa. Lakini kila nikifumba macho niliona godoro la mabinti zangu juu ya lori. Nikauburuta mtungi wa gesi ndani, nikaegemeza ngazi karibu na jukwaa, nikapanda. Wanawake walikuwa wanatoa viti mbio mbio. Nikiwa juu niliiona sakafu kama sijawahi kuiona: katikati imeng'arishwa na viatu, pembeni nyeusi, kule walikosimama wenye haya wakingoja kuombwa kucheza.

Nikawasha. Moto wa gesi hupiga mluzi mdogo, lakini ukumbi ule ulijengwa upokee sauti ndogo uirudishe kubwa. Mluzi ukarudi kutoka kwenye kuta zote, kana kwamba kuna mtu anapumua nyuma ya shingo yangu. Nikausogeza moto kwenye chuma.

Mama mkwe akaingia na furushi lake kichwani. Akaketi katikati ya sakafu, chini ya kenchi ile ile.

"Mama, toka hapo. Paa linashuka."

"Najua. Kata."

"Mama, tafadhali."

"Hata sisi tulikuwa na wajanja," akasema, haninyanyulii macho. "Lori lilipokaribia, wengine walibomoa nyumba zao wenyewe, eti wasiwape watu wa lori raha. Unajua wakubwa waliandika nini? Kwamba tulihama kwa hiari yetu." Akalikumbatia furushi. "Kata, mkwe wangu. Warahisishie kazi."

Nikafunga gesi. Mluzi ulipokatika, tukasikia lori linaingia uwanjani kinyumenyume.

Afisa alitukuta hivyo: mimi juu ya ngazi, Mapafu ameficha mtaimbo nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeiba sukari, mama mkwe sakafuni.

"Kuna nini?" akauliza.

Mama mkwe ndiye aliyesema. "Mwanangu, nikuulize. Kwenye hifadhi wanyama hubaki, watu hutolewa. Sivyo?"

"Hifadhi za msituni... mara nyingi, ndiyo."

"Hapa wanyama ni akina nani?"

Afisa akavua miwani. Aliitazama kenchi, akautazama mtungi, akavitazama viti vilivyorundikwa nje. Nilimwona anaelewa, na nilimwona anaogopa.

"Ni nyinyi," akasema. "Bila nyinyi haya ni matofali. Ndivyo nilivyowaandikia wakubwa."

"Nao wamejibu nini?"

Akavaa tena miwani. "Bado hawajajibu."

"Nimeshaitwa mengi," Mapafu akanong'ona, "ila mnyama, leo ndiyo mara ya kwanza." Mtu mmoja akacheka, akanyamaza haraka.

Chini ya turubai la lori mlikuwa na mbao na mabati ya kuziba paa. Tulivishusha bila kuambiwa. Jioni kikundi kikapiga, ingawa haikuwa Jumamosi, na kikapiga kwa nguvu kupita kiasi, kama watu wanaotaka kuonekana wapo.

Bango limesimama mbele ya ukumbi. Mama mkwe hulipita akiangalia pembeni. Furushi lake liko nyuma ya mlango, limefungwa, na mimi sijamwambia alifungue.