Bella Chini ya Leso

Fomu ilisema Bella. Ilisema jike, miaka miwili, mpole, anapenda watoto na paka. Wakonyo aliisoma mara mbili mlangoni pake, huko Ruiru, kisha akamtazama mbwa aliyeshushwa kwenye buti ya gari, jibwa refu la rangi ya kahawia. Akainama, akachungulia, akanyooka.

"Becky," alimwambia binti yake, "huyu Bella ana vitu ambavyo kina Bella hawana."

Becky alicheka mpaka akashika mlango. Alikuwa mwanafunzi wa chuo, amepanga chumba Kahawa Wendani, na ndiye aliyemletea mama yake balaa hilo bila kumwuliza. Alijiunga na kikundi cha kuokoa mbwa kiitwacho Mikia Yetu, akasaini kwamba kwao kuna nafasi ya kulea mbwa kwa muda, huku akijua fika kwamba mwenye nyumba kule Wendani hataki hata kuku.

"Ni wiki mbili tu, mum. Kikundi kinaleta chakula, dawa, kila kitu. Wewe unampatia tu mapenzi."

Wiki mbili! Chakula kililetwa mfuko mmoja, ukaisha Jumanne. Dawa ilikuwa inakuja. Daktari wa mifugo alikuwa anakuja. Kiongozi wa kikundi, msichana mmoja mwenye sauti tamu aitwaye Dianah, kila akipigiwa simu alikuwa "njiani, Auntie", na hiyo njia sijui ilipitia wapi, maana mwezi wa tatu uliingia hajaonekana.

Na huyo Bella naye! Wakonyo alikuwa fundi wa kushona magauni ya kwaya, na katika wiki ya kwanza mbwa alitafuna mkono mzima wa gauni la sauti ya pili. Katika wiki ya pili paka wa jirani alipanda juu ya tangi la maji, akakataa kushuka mpaka kesho yake. Halafu mbwa akajichagulia kiti cha sofa karibu na dirisha, akawa anawatazama wateja kana kwamba wamechelewa mkutano. Wakonyo akaitupilia mbali hiyo Bella na kumwita Chairman.

Lakini tusidanganyane, alimpenda. Tangu Becky aende chuo, Wakonyo alikuwa akishona kutwa na redio ikimsemesha. Sasa alikuwa na wa kumsimulia ni kwaya gani haijalipa, ni mteja gani amenenepa na hataki kuambiwa, na Chairman alisikiliza yote bila kukatiza. Asubuhi hakuwa anaamka tena kwa sababu ya kazi. Alikuwa anaamka kwa sababu kuna mtu anakwaruza mlango.

Alhamisi moja Dianah akapiga simu mwenyewe.

"Auntie! Habari njema! Bella amepata mtu wa kumchukua kabisa. Wa huko Thika, amejaza fomu, tumemhoji, amepita. Tunakuja Jumamosi."

Wakonyo alikaa chini. Siku sitini alikuwa amemwomba Mungu amwondolee mbwa huyu, na sasa alimwomba asahau yote aliyoambiwa.

"Na nikimchukua mimi?" aliuliza.

"Woi, Auntie, haiwezekani. Mlezi wa muda haruhusiwi kubaki na mbwa, ni sheria ya kikundi. Halafu nisamehe nikisema hivi, lakini humjui Bella kama sisi tunavyomjua."

Ngai! Hapo ndipo alipomchokoza. Wakonyo alikata simu, akavuka barabara hadi kwa Macharia mwenye bucha, akamwambia, "Nipe mifupa ya Jumamosi. Na unikopeshe mbwa wako."

Fikra ilikuwa imemjia pale pale. Mwezi huo alikuwa ameshonea familia mbili nguo za sherehe ya mahari, na kila mtu anajua jinsi mambo yanavyokwenda siku hiyo. Bwana harusi Mkikuyu hapewi bibi hivi hivi tu. Wasichana wanapangwa mstari, wamefunikwa leso kuanzia kichwani hadi miguuni, naye achague aliye wake. Akikosea, anatozwa faini mbele ya wakwe na kuchekwa mwaka mzima.

Jumamosi alasiri, Dianah alipoingia uani, simu mkononi tayari kupiga video, alikuta leso nne zimepangwa kando ya ukuta. Chini ya leso ya kwanza palikuwa na mbwa wa Macharia. Ya pili, mbwa wa msimamizi wa ploti. Ya tatu, Chairman. Ya nne alikuwa mbuzi wa jirani, kwa sababu mbwa wa nne hakupatikana. Kila mbwa alikuwa na mfupa wake na kazi yake, na mbuzi alikuwa na majani ya mahindi. Majirani walikuwa wameshatoa viti nje. Nyuma ya Dianah aliingia mzee mmoja mwembamba mwenye koti na kofia mkononi, akasimama karibu na geti. Wakonyo akadhani ni dereva.

"Auntie, hii ni nini tena?"

"Ni mila," alisema Wakonyo. "Mtoto hatoki kwangu na mtu asiyemjua. Mchague Bella wako, uende naye, sitasema kitu. Ukimkosa, anabaki hapa, na ile fomu yenu mkafungie mandazi."

Majirani wakapiga makofi. Dianah aliangalia huku na huku, akaona hakuna pa kutokea kwa heshima, akacheka. "Sawa. Bella namjua hata nikifumba macho."

Alipita mbele ya leso polepole, akirekodi. Alisimama mbele ya mbuzi muda mrefu kuliko inavyostahili. Akarudi. Mwishowe akaivuta leso ya kwanza, akapiga magoti, akamkumbatia mbwa wa Macharia shingoni.

"Bella! Jamani, nilikumiss! Angalieni alivyonenepa!"

"Ana mimba," alisema Macharia. "Na anaitwa Queen."

Uwanja uliangua kicheko. Kuna mama alicheka mpaka kiti cha plastiki kikavunjika mguu. Wakonyo alipiga ngemi, vile vigelegele vya kwao, akazunguka, akapiga nyingine. Ameshinda! Chairman ni wake!

"Samahani, mama," alisema yule mzee wa getini. "Na mimi naweza kujaribu?"

Wakonyo alikuwa amelewa ushindi. "Jaribu, mzee wangu! Leo ni bure!"

Mzee hakukaribia leso. Alijikunja taratibu, akaketi kwenye ngazi ya mlango, akaiweka kofia magotini. "Popi," aliita, kwa sauti ndogo tu.

Leso ya tatu ilisimama. Ilitembea ikiwa bado imefunikwa, ikagonga bomba la maji, ikajinyoosha, ikaja moja kwa moja mpaka kwenye ngazi na kuanguka miguuni pa mzee, ikitetemeka yote. Mfupa ulibaki kule ukutani. Chairman, ambaye hajawahi kumwachia mtu mfupa, hata Wakonyo, hata siku mbwa mwenyewe alipougua.



"Naitwa Kaleli," alisema mzee, mkono wake ukiwa tayari ndani ya leso. "Natengeneza majiko pale Kiandutu. Huyu nimemlea tangu akiwa wa kubebwa mfukoni. Kila Jumapili ananisindikiza kanisani, analala nje mpaka nitoke. Siku moja nilitoka, hayuko. Nimemtafuta Thika yote, mpaka kule Chania kwenye maporomoko. Halafu mjukuu wangu akaniletea picha kwenye simu, imeandikwa, mbwa ametelekezwa nje ya kanisa."

Wakonyo alimgeukia Dianah. "Mwenyewe alikuwa ndani anaomba!"

"Lakini Bella alikuwa na macho ya huzuni," alisema Dianah, akiwa bado amepiga magoti.

"Mahubiri yalikuwa marefu," alisema Kaleli. "Nilimweleza huyu msichana kwa simu ni mbwa wangu. Akaniambia wote husema hivyo, nijaze fomu. Nikajaza. Wakanihoji kama nimewahi kuishi na mbwa."

Hakuna aliyecheka kwa sauti. Macharia alimsogelea Wakonyo, akamnong'oneza, "Mlipatana na msichana, si na mzee. Msichana ameshindwa. Mbwa ni wako."

Na ilikuwa kweli. Watu wote wa ploti walikuwa mashahidi. Wakonyo alifungua mdomo kulisema hilo. Alimtazama Chairman, ambaye sasa alikuwa ametoa kichwa nje ya leso na kukilaza juu ya kiatu cha yule mzee, macho yamefumbwa. Alimkasirikia Dianah, akamkasirikia Becky, akajikasirikia mwenyewe na mila zake. Ingekuwa heri huyo Kaleli angekuwa mtu mbaya.

"Anakula uji asubuhi," alisema hatimaye. "Na matumbo. Jumapili yai."

"Yai?" Kaleli alimtazama. "Mama, umeniharibia mbwa."

"Nitaharibu zaidi. Aliyechukua bibi hawasahau wakwe. Unamleta huku kila mwezi, na usije mikono mitupu, mimi nataka jiko."

"Nitamleta," alisema mzee, na akampa mkono.

Walitoka getini, mzee mbele, mbwa ubavuni. Wakonyo aliwafuata mpaka barabarani, akasimama na leso begani. Alingoja. Walipita bucha, wakapita kiosk, wakafika kona.

"Hata kugeuka hajageuka," alisema Macharia. "Mbwa hana shukrani."

Wakonyo alikuwa analia wazi wazi, hata hakujisumbua kujifuta.

"Afadhali," alisema. "Angegeuka, ningemfuata mpaka Kiandutu."