Neno la Kumi na Saba

Mwalimu wa biolojia wa darasa la wanaorudia mtihani alikuwa na ugomvi wa siku nyingi na watunga maswali. Si kwamba walitunga magumu. Alichokichukia ni maneno yao. Mtu anayajua mapafu nje ndani, anaweza kukuchorea huku anaongea na simu, halafu anaambiwa "tathmini", anabaki kutoa macho. Wanafunzi wake walikuwa watu wazima, wengi wao wazazi, na kila mwaka aliwaona wakianguka, si kwa kukosa jibu, bali kwa kutojua wameulizwa nini.

Aliyemuumiza roho kuliko wote ni Sentimita. Huyu alikuwa fundi cherehani, na jina hilo alibatizwa na darasa kwa sababu alikuja mchana moja kwa moja kutoka kazini, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni, na nyuzi za rangi zote zimemganda kwenye sketi. Alimuuguza mama yake miaka sita. Alijifunza kufunga vidonda na kumgeuza mgonjwa kitandani bila kumtonesha, na tangu mama afariki hakutaka kitu kingine duniani ila chuo cha uuguzi. Chuo kilitaka afaulu biolojia. Chuo hichohicho hakikupokea mtu aliyefikisha miaka thelathini na mitano. Sentimita alikuwa na thelathini na minne na miezi kadhaa, na alikwisha kuanguka mara mbili, kwa hiyo hii ilikuwa mara yake ya mwisho. Hesabu hiyo kila mtu darasani aliijua, na hakuna aliyeitaja.

Mara ya kwanza aliambiwa ajadili umuhimu wa figo, akaacha ukurasa mtupu.

"Ningejadili na nani, mwalimu?" alisema aliporudi darasani. "Mle ndani ukigeuza shingo tu unatolewa nje."

Darasa lilicheka mpaka madawati yakalia. Mwalimu naye alicheka, kisha akaenda nyumbani amenuna. Jumapili yake yote aliimalizia sakafuni, anakata maboksi vipande thelathini na kuandika maneno thelathini kwa kalamu nene, kila neno na namba yake: jadili, eleza, bainisha, ainisha, chambua, na ndugu zao wote. Mke wake alimruka mara tatu akipita na ndoo, akamwuliza kama ameacha ualimu anafungua duka.

Kila siku walisoma neno moja, kisha analibandika ukutani. Siku ya "ainisha" Sentimita alileta mkebe wa vifungo, wakavipanga kwa rangi, kisha kwa ukubwa, kisha kwa idadi ya matundu, na tangu hapo neno hilo halikumsumbua mtu. Siku ya "jadili" mwalimu alimsimamisha Sentimita abishane peke yake, mguu wa kulia ukitetea, wa kushoto ukipinga. Mambo yalikwenda vizuri hata mwalimu akaanza kulala usingizi wa maana.

Siku ya neno la kumi na saba mvua ilichelewesha watu, na muda uliobaki ulikuwa wa kubana. Mwalimu alichukua kipande mkononi. Kiliandikwa "linganisha".

"Hilo turuke, mwalimu," alisema Sentimita. "Mimi na kulinganisha ni chanda na pete. Kutwa nzima ndiyo kazi yangu."

"Haya, fundi katuokolea muda," alisema mwalimu. "Kuna asiyejua kulinganisha?"

Hakuna aliyeinua mkono. Nani angeinua? Ni neno la sokoni na la jikoni, hata mtoto analo. Mwalimu akakitia kipande kwenye droo, akaenda kwenye mzunguko wa damu. Ukutani kumi na sita ikafuatiwa na kumi na nane, na baada ya wiki hakuna aliyeona tena ule mruko.

Siku moja kabla ya mtihani, mwalimu aliziba ukuta kwa magazeti ya zamani, maana sheria haikuruhusu andiko lolote kuonekana chumbani. Asubuhi yake wasimamizi walikuwa pungufu, akapangwa kusimamia chumba chake mwenyewe, chini ya msimamizi mkuu aliyetoka shule nyingine: mama mmoja mkimya, miwani yake imefungwa kamba, kiti chake amekiweka palepale anapoona kila dawati. Yeye ndiye aliyesoma masharti. Msimamizi haelezi swali wala neno lililomo ndani ya swali. Akieleza, matokeo ya chumba kizima yanafutwa. Mtahiniwa akiuliza, jibu ni moja tu, nalo limechapishwa kwenye karatasi ya masharti: soma swali, kisha jibu unavyoelewa.

Bahasha ilikatwa, karatasi zikagawiwa. Moja ilizidi, na mwalimu akaisoma kwa pupa, amesimama kwenye kona. Swali la mwisho ndilo lililobeba alama nyingi kuliko yote: "Linganisha ateri na vena." Moyo ulimruka kwa furaha. Ateri na vena! Sentimita aliwahi kuzichora kwa chaki ya fundi juu ya kitambaa cheusi, akaja nazo darasani zimekunjwa kwenye mfuko, na hakukosea hata kitu kimoja. Mwalimu alimtupia jicho. Alikuwa ameinama, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo, anaandika kama mtu anayewahi harusi.

Baada ya saa moja na nusu Sentimita aliinua mkono.

Mwalimu alimwendea. Sentimita alitia kidole kwenye swali la mwisho, akanong'ona, "Mwalimu, hapa wanataka nilinganishe. Sasa nipunguze kwenye ateri, au niongeze kwenye vena?"

Mwanzoni mwalimu hakumwelewa. Alidhani ni mzaha, akakaribia kutabasamu. Halafu akaona zile nyuzi kwenye sketi yake, akaelewa.

Kwa fundi, kulinganisha ni miguu miwili ya suruali kuwa sawa. Unalaza mmoja juu ya mwingine, uliozidi unaukata, uliopungua unauongeza. Kutwa nzima ndiyo kazi yake, na alikwisha kusema hivyo mbele ya darasa. Kwa watunga maswali ni kuviweka vitu viwili kando kwa kando, ukasema vinafanana wapi na vinatofautiana wapi, basi. Sentensi moja. Ingetoka kwa pumzi moja, na ilikuwa imemjaa mdomoni.

Aliinua macho. Miwani yenye kamba ilikuwa imemwelekea yeye. Mbele yake kulikuwa na watu wengine ishirini na wawili wameinama, kila mmoja na sababu yake iliyomfanya arudi shule akiwa mtu mzima.

"Soma swali," alisema, "kisha jibu unavyoelewa."

Uso wa Sentimita ulichanua.

"Ninavyoelewa," alirudia, akiitikia kwa kichwa. "Haya. Ahsante, mwalimu."

Akashika kalamu. Mwalimu aliondoka pale, akazunguka chumba, akarudi kupita nyuma yake, akasoma juu ya bega.

"Ili ateri ilingane na vena," Sentimita alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa duara, "kwanza ukuta wake upunguzwe, kwa sababu ni mnene na wenye misuli mingi kuliko wa vena. Njia ya ndani ya ateri ipanuliwe, maana ni nyembamba. Vena ina vali za kuzuia damu isirudi nyuma, ateri haina, kwa hiyo ama vali za vena zitolewe ama ateri iwekewe zake. Ateri inatoa damu moyoni kwa nguvu, vena inairudisha pole pole, kwa hiyo..."

Kila tofauti ilikuwamo. Hakuna hata moja aliyoiacha. Mwalimu alimfikiria msahihishaji mahali fulani, amezungukwa na marundo, mwongozo wake unataka "yanayofanana" huku na "yanayotofautiana" kule. Atakutana na mtu anayetaka kushona ateri upya. Atacheka, atamwita mwenzake aje asome, kisha ataandika sifuri na kuchukua karatasi nyingine.

Alikohoa. Sentimita hakugeuka. Akaenda kusimama ukutani, mahali ambapo kona ya gazeti ilikuwa imebanduka, na kwa kichaa cha dakika ile aliomba upepo uingie dirishani uliangushe lote. Kisha akakumbuka kwamba chini ya gazeti lile kuna kumi na sita na kumi na nane. La kati liko kwenye droo, na aliyelitia ni yeye. Akairudishia kona kwa kidole gumba, akaibana mpaka ikashika. Hakuwahi maishani kujiona mtu bure kama pale.

Kengele ililia. Karatasi zilihesabiwa, zikatiwa kwenye bahasha, bahasha ikafungwa na kutiwa lakiri mbele ya macho yake.

Sentimita alimngoja kwenye ujia, tepu imerudi shingoni.

"Mwalimu, leo umeniokoa," alisema. "Lile la mwisho lilinitia wasiwasi, nikadhani lina mtego. Uliposema nijibu ninavyoelewa, nikajua kumbe ni kazi yangu ileile. Nimezilinganisha mpaka zimekuwa sawa kabisa. Kama chuo hakinichukui sasa, basi hakitaki wauguzi."

Angemwambia nini, na ili afanye nini nalo? Bahasha ilikuwa inapita nyuma yao mikononi mwa yule mama wa miwani.

"Umeandika vizuri," alisema, na huo haukuwa uongo.

Sentimita hakuwa anamsikiliza tena. Alikuwa analitazama shati la mwalimu kwa jicho la kazi, kichwa amekiinamisha.

"Nani alikushonea hili? Mkono huu umeuzidi huu. Hebu nyoosha."

Mwalimu alinyoosha mikono yote miwili mbele, kama alivyoambiwa, akatulia. Sentimita alivuta tepu, akapima wa kulia, akapima wa kushoto.

"Sentimita mbili," alisema. "Niletee Jumamosi, mwalimu. Nitakulinganishia bure."