Hatukuomba Ruhusa ya Kwenda Moelwen

Lango lilikuwa zuri, na ubaya wake ulikuwa papo hapo. Mbao mpya, bawaba zisizolia, na juu yake kibao chenye maneno ya kistaarabu: Karibuni. Mnapita hapa kwa hisani ya mwenye shamba. Watu wa kijiji walipolikuta asubuhi ya Jumatatu ya Pasaka, wakiwa na fimbo zao na chupa zao za chai, walishusha pumzi. Walikuwa wamejiandaa kukuta kufuli.

Eluned Posta hakushusha chochote. Alikisoma kibao, akakirudia, akakitazama kama mama mkwe anavyomtazama mkwe aliyekuja na zawadi kubwa mno. Kupeleka barua alikuwa ameacha siku nyingi, lakini pale bondeni jina la kazi likishakuganda limekuganda, na hata kaburini atashuka akiitwa Posta.

Njia yenyewe ilianzia nyuma ya kanisa, ikapanda na kushuka vilima vya kondoo mpaka kwenye magofu ya ngome ya Moelwen, ambako siku isiyo na mvua, nazo ni za kutafuta, mtu huona mabonde matatu na ukingo wa bahari. Kila Pasaka wanakijiji walikwenda huko kunywa chai juu ya mnara uliobaki nusu. Babu zao walikwenda, na babu za babu zao. Ila kwenye ramani ya serikali njia hiyo haikuchorwa, na njia isiyochorwa huokolewa kwa namna moja tu: watu waonyeshe kwamba wameipita miaka ishirini na zaidi, mchana kweupe, bila kufukuzwa na bila kuruhusiwa. Ruhusa ndiyo sumu. Anayepita kwa ruhusa ni mgeni, na mgeni husindikizwa.

Bwana Thurlow, aliyelinunua shamba, alilijua hilo vizuri. Alitaka magofu yawe ya arusi za watu wa mjini wenye fedha, wapigie picha pale pasipo vikongwe na mikate yao. Wakubwa wa wilaya walikuwa karibu kuja kuwasikiliza mashahidi. Ndiyo maana kufuli halikuwapo. Kufuli huleta ugomvi. Lango zuri huleta shukrani.

Na shukrani zikaja. Mchungaji Goronwy alikuwa ameshapita, na alipopita akasema ahsante, wakati hapakuwa na mtu wa kumwitikia. Ndivyo walivyo watu wa bondeni. Hushukuru hata basi wakishashuka.

Eluned akaenda hatua kadhaa pembeni, mahali mawe ya ukuta yalipotokeza kama ngazi, akapandisha sketi na kuweka mguu.

"Bi Posta, lango liko wazi," Emrys Maziwa akamwambia.

"Nimeliona."

"Sasa ukuta unaupandia nini?"

"Mimi si mgeni wa kualikwa," akajibu, akiwa juu kama kuku kwenye ua. "Na wewe ukingoja kualikwa kwenye njia ya babu yako, kalale."

Wakacheka, lakini wengi wakamfuata ukutani, mmoja mmoja, wakisukumana makalio. Aliyempa Eluned wasiwasi hakuufuata ukuta. Meinir, wifi yake, alipita langoni na kofia yake ya ibada, bila kugeuka.

Meinir ndiye aliyekuwa mjane wa Ifor Prosser, kaka yake Eluned, na shamba lilikuwa la Ifor kabla goti bovu la mjane halijamlazimisha kuliuza. Kwa hiyo shahidi mkubwa alikuwa yeye. Akisema kwamba marehemu mumewe aliwaruhusu watu kupita, basi miaka yote ile ilikuwa hisani, na hisani, mwenye shamba mpya akitaka, huirudisha mfukoni. Bwana Thurlow alikuwa amempaka mafuta kwa mgongo wa chupa tangu majira ya baridi: maua kaburini kwa Ifor, soga za jioni, na kila soga ikiishia kwamba marehemu alikuwa mkarimu ajabu. Tangu Ifor azaliwe hakuna aliyewahi kumwita mkarimu. Alikuwa mkono wa birika, na bondeni kote walimtania mkewe kwamba analala na sanduku. Sasa mwanamke kama huyo akisikia mumewe anasifiwa, hata kama ni kilemba cha ukoka, atakivua?

Walipanda. Tope lilinyonya viatu, wanakondoo waliwatazama kwa dharau ya watoto waliokwisha kunyonya. Kwenye jiwe la kwanza la kupumzikia, pale mto unapoonekana umejikunja kama mkanda uliotupwa, Eluned akamsogelea wifi yake. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba wote wanajua Thurlow anataka nini. Meinir akamwambia kwamba yeye si mtoto. Eluned akasema basi asiuzwe kwa maua. Hapo Meinir akavua kofia, jambo ambalo hakulifanya hata kwenye mazishi.

"Miaka yote mmemcheka kaka yako, wifi, na wewe ukiwa wa kwanza. Mimi nikanyamaza. Leo mtu mmoja anamsema vizuri, unataka mimi ndiye nimkanushe?"

Eluned alikuwa na ulimi ambao kijiji kizima kiliuogopa, lakini ulilala. Kwa sababu ilikuwa kweli. Wakaendelea kupanda.

Kwenye magofu, chini ya mnara, walikuta meza. Kitambaa cheupe, vikombe vya maua, keki zilizokatwa sawasawa kama matofali. Bwana Thurlow alisimama mbele yake akitabasamu, na pembeni yake mwanasheria aliyevaa viatu vya mjini, tope limemfika kwenye soksi. Thurlow aliwakaribisha kwa sauti ya mtu anayefungua ibada. Akasema anafuata nyayo za jirani yao mwema, marehemu Bwana Prosser, ambaye kwa wema wake aliwaacha wapite mwaka hadi mwaka, na yeye ataendelea kuwaacha kwa kadiri itakavyowezekana.

Mchungaji Goronwy, ambaye hajawahi kumwacha maiti bila sifa, akafungua kinywa. Eluned akamkanyaga mguu. Kinywa kikafungwa.

"Si ndivyo ilivyokuwa, Bi Prosser?" Thurlow akauliza kwa upole. Mwanasheria akatoa kalamu.

Meinir akageuka. Akatazama chini, kule bomba la moshi la nyumba yake ya zamani lilipochomoza kati ya miti. Upepo ulivuta kitambaa cha meza. Eluned alitaka kusema, akajizuia, na kujizuia huko kulimuuma kuliko goti lolote.

"Ifor hakumruhusu mtu kitu maisha yake yote," Meinir akasema mwishowe. "Hata mimi chumvi ya pili sikuruhusiwa."

Mtu akacheka, akaguna mwenzake.

"Lakini hakuwafukuza," Thurlow akasema upesi.

"Hakuwafukuza. Walikuwa wakipita, yeye akigeuka kutazama kondoo. Mimi nilikuwa dirishani. Nikamwuliza, mbona huwaambii neno? Akaniambia, niwaambie nini, njia si yangu." Akamgeukia mwanasheria. "Andika. Na uandike vizuri. Huyu bwana anamsifu mume wangu kwa ukarimu ambao hakuwa nao. Mume wangu alikuwa mchoyo. Mwizi hakuwa."

Ule upole wa Thurlow ukamtoka usoni kama rangi ya nguo rahisi ikipata maji. Akasema kama ni hivyo, basi yeye hawaruhusu. Hapa ni kwake. Washuke, sasa hivi, wote.

"Hatukuomba," Meinir akasema.

Akapita kando ya meza, akazishika ngazi za mnara kwa mikono na magoti, na aliposhindwa Eluned akamsukuma kwa nyuma, naye akalalamika kwamba Posta ana mikono ya barafu. Wengine wakafuata. Mchungaji alipita mezani akaitazama keki kwa huzuni, asiiguse.

Juu, mabonde yote matatu yalikuwa wazi, ila bahari ilikuwa imeshafunikwa na mvua iliyokuwa ikija. Eluned alitafuta neno la kumwambia wifi yake kuhusu Ifor, neno lisilo na mzaha ndani yake. Hakulipata, hakuwa na akiba ya maneno hayo. Akafungua kitambaa chake, akatoa keki ndogo za kikaangoni, zilizoungua kidogo upande mmoja, akampa ile isiyoungua.

Chini Thurlow alikuwa anaita bado. Mvua ikafika. Mwanasheria akakimbia kushuka kulifuata gari, kitambaa cheupe kikalowa, vikombe vikajaa maji. Meinir akairudisha kofia kichwani, akamwambia Emrys asogee, anamzibia.

"Tutashuka," akasema, "tukimaliza kutazama."