Kisanduku cha Ghala la Ipagala

Mwajabu, mwendesha redio wa ghala, alikuwa akipangusa vumbi la mahindi mezani wakati fundi Methusela alipoleta kisanduku kipya cha redio. Ilikuwa miaka ya tisini, biashara ya nafaka imeachiwa watu binafsi, na ghala lile la Ipagala lilikuwa mali ya Bwana Meshack. Matawi yake yaliongea kwa redio, na washindani walikuwa na tabia ya kusikiliza bei zao kwa siri hewani.

"Zamani zilihitajika mashine mbili," Methusela alieleza huku akikaza skrubu. "Moja ifunge maneno wasiohusika wasiyaelewe, nyingine irekebishe yaliyoharibiwa njiani na mikwaruzo. Humu kazi zote mbili zinafanywa na chipu moja, dada. Asiye na kisanduku kama hiki atasikia mvumo tu."

Asubuhi iliyofuata Swalihu, msimamizi wa tawi la Kondoa, aliita redioni. Sauti ilitoka safi kama vile ameketi pale mezani.

"Mahindi tuliyowauzia kijijini ni ya mbegu, yamepakwa sumu ya wadudu. Tuliosha ile rangi nyekundu ya tahadhari, sumu ikabaki. Bi Khairat amekufa na wajukuu zake. Ova."

Mwajabu alimwomba arudie. Swalihu akarudia, yakatoka yale yale.

"Sasa mbona unashtuka?" Swalihu aliuliza. "Mimi nimesema ni malaria."

Methusela aliitwa. Alifungua mfuniko, akapima, akafunga.

"Kizima. Kimekuta kosa kwenye maneno ya Swalihu, kimelirekebisha."

"Na huko nje wanasikia nini?" aliuliza Bwana Meshack.

"Mvumo, mzee."

"Basi hakina tatizo."

Mchana Mwajabu alitoka mbio hadi getini. Paulina, aliyewapikia wapakiaji, alikuwa akisonga ugali wa mahindi yale yale ya ghala. Mwajabu alifungua kinywa amwonye. Ukatoka mvumo, kama wa redio iliyokosa stesheni. Paulina alingoja kwa adabu mpaka ulipokoma.

"Hayo maneno ya ofisini, dada Mwajabu, mimi siyawezi."

Mwajabu aliinama akaandika mavumbini kwa kidole. Herufi zilisambaratika kabla neno halijaisha. Basi akaishika sufuria kwa kanga, akaimwaga chini.

Paulina alitazama ugali ukipoa mchangani. Machozi yakamtoka.

"Nimekukosea nini? Wapakiaji nitawapa nini mimi? Heri wanangu kule Mkonze nimewaachia unga wa hapa, tangu juzi wanaula."

Mwajabu alimkamata mikono, akavuma, akavuma. Paulina alijichomoa taratibu, akaenda kuosha sufuria.

Jioni lori lilikuwa likipakia magunia. Bwana Meshack alishika kipaza sauti mwenyewe. Mwajabu alikaa pembeni, mikono mapajani.

"Swalihu, wape pole wafiwa. Waambie kampuni inachunguza chanzo cha vifo. Ova."

"Nimekupata, mzee," Swalihu alijibu. "Umesema unakijua chanzo, na tuendelee kuuza mpaka magunia yaishe. Ova."

Bwana Meshack alikitazama kisanduku, kisha akabonyeza kitufe.

"Sahihi," alisema.

Neno hilo halikuwa na kosa. Lilifika Kondoa kama lilivyotamkwa.