Mbegu za Mkufu wa Mwanasesere

Léocadie alikuwa na mikono ya dhahabu, hata mama mkwe wake alilikubali hilo, na Ernestine hakuwa mtu wa kugawa sifa ovyo. Juma lile mvua iliwafungia watoto nyumbani, huku baba yao yuko Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu. Basi Léocadie akachukua kipande cha kitenge kikuukuu, akakijaza pamba, akamshonea binti yake Naomie mwanasesere. Naomie alikuwa na miaka sita. Akasema mwanasesere bila mkufu si mwanamke.

Karibu na choo palikuwa na mmea wa kutambaa wenye mbegu nyekundu, kila moja na jicho jeusi. Ernestine alikuwa ameshakataza: "Ile mbegu hapana kuingiza mu nyumba ya watoto. Inaua." Léocadie aliitikia vizuri kabisa. Bibi alipokwenda shambani, akaziloweka mbegu tisa, akazitoboa kwa waya wa mwavuli uliopashwa moto, akazitunga. Sikio la kufa halisikii dawa, na la Léocadie siku hiyo lilikuwa limeziba haswa.

Adhuhuri alirudi kutoka kuteka maji, akakuta uzi wa mkufu umekatika sakafuni. Joël, mwanawe wa miaka miwili, alikuwa amelazwa juu ya mkeka, mbegu moja ikicheza kwenye ulimi wake. Naomie alisimama kando yake na kijiko mkononi. Léocadie aliichomoa ile mbegu kwa kidole, akaokota nyingine sakafuni. Tano. Na hii ya mdomoni, sita. Tatu hazikuonekana.

Akamfunga mtoto mgongoni, akamshika Naomie mkono, akakimbia. Njiani walikutana na Ernestine akirudi na mzigo wa sombe, majani ya muhogo. Bibi aliutupa mzigo, akawafuata bila kuuliza.

Kwenye kituo cha afya, muuguzi Hervé alimsikiliza Léocadie, kisha akauliza polepole:

"Mama Naomie, sikia muzuri. Kama mutoto amemeza mbegu nzima, mara nyingi inapita tu. Kama iko na tundu, ama imetafunwa, sumu inatoka. Ulizitoboa?"

Ernestine alikuwa amesimama pale pale, hapepesi jicho.

"Hapana, Dokta," Léocadie akasema. "Aliziokota inje."

Ulimi ulitangulia, moyo ukabaki nyuma. Hervé akashusha pumzi. Akawaambia warudi nyumbani, wampe maji mengi, wachunguze choo chake kwa siku tatu.

Wakatoka. Joël alikuwa akicheka mgongoni, akimpulizia mama yake shingoni kwa mchezo, na kila pumzi ile ilimchoma Léocadie. Aliogopa mtoto asije akafa. Aliogopa pia macho ya yule bibi, na hapo ndipo alipojichukia, kwa kuwa hofu zile mbili zilikuwa zimelingana. Mficha maradhi kilio humuumbua. Kabla hawajafika barabarani alisimama.

"Mama," akamwambia mama mkwe wake, "nilidanganya. Nilizitoboa mimi, zote tisa. Nilizifanya mukufu."

Ernestine alimshika mkono kwa nguvu. Kisha akamgeuza kuelekea kituoni.

"Rudi mbio! Matusi nitakutukana kesho."

Safari hii Léocadie alisema yote mbele ya Hervé, akilia waziwazi, hata wagonjwa kwenye benchi wakasikia. Hervé hakumgombeza. Alikoroga dawa nyeusi ya makaa ndani ya kikombe, akaanza kumnywesha Joël, huku Ernestine akimshika kichwa. Mtoto akatema, akalia, akanywa.

Hapo Naomie akavuta kitenge cha mama yake.

"Mama, usinipige."

"Sikupigi. Sema."

"Tulikuwa tunacheza santé, mimi nilikuwa dokta. Joël alikuwa mugonjwa, akakataa dawa. Mimi nikameza kwanza, aone haiko muchungu."

Léocadie alipiga magoti mbele yake. Saa nzima alikuwa akizihesabu zile tatu ndani ya tumbo moja.

"Ulimeza ngapi, mwanangu?"

"Joël alimeza moja tu. Mimi mbili." Naomie akagusa shavu. "Ilikuwa inaniuma kutafuna, lakini nilitafuna."

Hervé alimkabidhi Ernestine kikombe, akaenda kutafuta kingine.